Punguzo Hutoka kwenye Faida, Si kwenye Bei

Wafanyabiashara wengi wanaonijia kwa ushauri, hasa wanaochukua mzigo Kariakoo na kuuza kupitia Instagram na WhatsApp, huanza na swali moja: tutoe punguzo la asilimia ngapi? Mimi huwaomba kwanza daftari la manunuzi, kwa sababu jibu limo kwenye faida, ambayo mteja haioni.

Tuchukue gauni lililonunuliwa kwa bei ya jumla ya shilingi 28,000 na kuuzwa kwa 40,000. Faida ni 12,000. Punguzo la asilimia 20 huonekana dogo, lakini ni shilingi 8,000, na zote hutoka kwenye ile 12,000, hivyo muuzaji hubaki na 4,000. Ili apate faida aliyokuwa akiipata kwa magauni 10, sasa itambidi auze 30, na hapo hatujagusa gharama ya tangazo. Kama amelipia tangazo kwa 60,000 likamletea wanunuzi 20, kila mnunuzi amemgharimu 3,000. Kwenye gauni la ofa inabaki shilingi 1,000, kabla ya mifuko na bando la intaneti. Nimeshuhudia maduka yaliyouza kwa wingi mwezi wa ofa yakashindwa kununua mzigo mwezi uliofuata, na iliniuma, kwa sababu wenyewe walikuwa wamefanya kazi usiku na mchana.

Ndiyo maana napendelea ofa ya kumpelekea mteja mzigo bure akinunua kuanzia kiasi fulani. Amazon ilianza hivyo Marekani mwaka 2002 kwa oda za kuanzia dola 99, na mwaka huohuo ikashusha kiwango hadi dola 25. Mwaka 2005 ikaleta Prime, ambapo mteja alilipa dola 79 kwa mwaka na kupelekewa mizigo ndani ya siku mbili bila nyongeza. Kwa muuzaji wetu wa Dar es Salaam, kiwango cha 75,000 kitamshawishi mteja wa gauni moja achukue la pili. Faida ya magauni mawili ni 24,000. Ukimlipa bodaboda 5,000, unabaki na 19,000. Magauni hayohayo kwa punguzo la asilimia 20 yangekuachia 8,000, na mteja bado angelipia bodaboda mwenyewe. Kiwango kiwe juu kidogo ya kile ambacho wateja wako hununua kwa kawaida, kwani kikiwa mbali mno hakuna atakayehangaika kukifikia.

Kuhusu tangazo lenyewe, nasihi bei iandikwe. Maneno "bei njoo inboksi" huleta maswali mengi kutoka kwa watu ambao, kama wangeiona bei mapema, wasingeuliza, na muuzaji hulipia maswali hayo kwa pesa na kwa muda wake. Wala usiandike bei ya zamani ambayo hujawahi kuitoza. Huo ni uongo kwa mteja, na wateja wa mtandaoni huhifadhi picha za kurasa zako.

Kila tangazo lipe neno lake ambalo mteja atalitaja anapoagiza. Baada ya wiki mbili, gawanya gharama ya kila tangazo kwa idadi ya waliolipa, bila kuwahesabu waliopenda picha tu, kisha weka jibu hilo kando ya ile 12,000.