Hatari ya kuanguka: maana yake kwa mzee anayetibiwa saratani

Hospitalini neno kuanguka hubeba mambo mengi kuliko kudondoka kwa kishindo. Shirika la Afya Duniani huliita tukio la mtu kujikuta ardhini, sakafuni au mahali pengine pa chini pasipo kukusudia. Kwa maana hiyo, mzee aliyeserereka kutoka kitandani akajikuta amekaa sakafuni ameanguka. Aliyeishiwa nguvu za magoti mlangoni mwa choo, akashuka polepole huku ameshikilia ukuta, naye ameanguka, hata kama hakupata mchubuko. Hatari ya kuanguka ni makadirio ya jinsi mtu alivyo karibu na tukio kama hilo, kwa kuangalia mwili wake, dawa anazotumia na mahali anapoishi.

Kwa mwaka mmoja watu wapatao 684,000 duniani hufa kutokana na kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaokufa zaidi ni wenye umri unaozidi miaka 60. Marekani, zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne wenye miaka 65 na kuendelea huanguka kila mwaka, na chini ya nusu yao ndio humwambia daktari.

Huo ukimya ndio unaoniumiza. Familia inayomkimbiza mgonjwa wake hospitali usiku wa manane kwa sababu ya homa ndiyo hiyo hiyo inayonyamaza mzee anapoanguka mara mbili kwa wiki. Husema ni uzee, ameteleza tu, Mungu amemnusuru. Kwa mtu aliye kwenye matibabu ya saratani, kuanguka ni dalili, na inastahili kuripotiwa kama homa inavyoripotiwa, kwa sababu mara nyingi chanzo chake kimo ndani ya matibabu yenyewe na kinarekebishika.

Tuanze na miguu. Dawa kadhaa za saratani huumiza mishipa ya fahamu ya nyayo na vidole. Paklitakseli, inayotumika kwa saratani ya matiti na ya Kaposi, ni mojawapo. Sisplatini, inayotolewa pamoja na mionzi kwa saratani ya shingo ya kizazi, ni nyingine, na vinkristini nayo imo. Mgonjwa huanza kusikia ganzi, kuchomachoma, au kuhisi kama amevaa soksi nzito ilhali yuko peku. Kandambili moja hubaki nyuma, naye anaendelea kutembea bila habari. Mguu usiojua umekanyaga nini huanza kutegemea macho, ndiyo maana mzee huyo hutembea vizuri mchana lakini umeme ukikatika anayumba. Ganzi hii haiondoki siku dripu ya dawa hizo inapokwisha, na ile ya sisplatini inaweza hata kuongezeka kwa miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho.

Halafu kuna presha inayoshuka mtu anaposimama. Kipimo chake kinajulikana: ikiwa ndani ya dakika tatu za kusimama namba ya juu imeshuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mwili umeshindwa kuisukuma damu kwenda kichwani kwa kasi inayotakiwa. Kutapika, kuharisha baada ya mionzi ya tumbo la chini na kutokunywa maji ya kutosha vyote huleta hali hiyo. Lakini lipo jambo linalosahaulika sana. Mzee mwenye saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ugonjwa unaowapata wengi Afrika Mashariki, hupungua uzito haraka kwa sababu chakula hakipiti. Huku nyuma anaendelea kumeza vidonge vya presha kwa kipimo alichopangiwa wakati mwili wake ulikuwa na nyama. Daktari wa saratani anaangalia uvimbe, aliyeandika vidonge vya presha yuko kliniki nyingine, na mzee anaanguka katikati yao.

Steroidi kama deksamethasoni, zinazotolewa kuzuia kichefuchefu au kupunguza uvimbe, zikitumika kwa muda mrefu hudhoofisha misuli ya mapaja. Utaiona mzee anapohitaji kujisukuma kwa mikono miwili ili ainuke kitini. Wanaume wa saratani ya tezi dume walioondolewa korodani au wanaochomwa sindano za kuzima homoni hupoteza misuli na mifupa kwa pamoja. Wanawake wanaotumia anastrozoli au letrozoli baada ya saratani ya matiti hupungukiwa mifupa pia. Upungufu wa damu nao huleta uchovu na kizunguzungu.

Dawa za usingizi kama diazepamu, amitriptilini ya maumivu ya neva, yaani mishipa ya fahamu, na hata vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, vyote huongeza hatari, hasa vikikutana. Mofini imo kwenye kundi hili, ila naomba nieleweke: isiachwe kwa woga. Maumivu yasiyotulizwa nayo huangusha watu, kwa kuwa mtu mwenye maumivu hatembei sawasawa wala halali. Kinachotakiwa ni kumsimamia mgonjwa kwa karibu siku za mwanzo na kila kipimo kinapoongezwa.

Kwa nini kuanguka kwa mgonjwa huyu kutishe kuliko kwa mzee mwingine? Mfupa wake unaweza kuwa tayari umeliwa na saratani iliyosambaa, jambo la kawaida kwa saratani ya tezi dume na ya matiti, kwa hiyo huvunjika kwa kishindo kidogo. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hushuka siku kadhaa baada ya dripu, na kugonga kichwa katika siku hizo kunaweza kuvujisha damu ndani ya fuvu. Hatari ni ile ile kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na nyonga ikivunjika, matibabu ya saratani yenyewe husimama.

Kuipima hatari hii hakuhitaji mashine kubwa. Kuna maswali matatu ya kuanzia: umewahi kuanguka ndani ya mwaka huu uliopita? Unahisi huna uthabiti unaposimama au kutembea? Unaogopa kuanguka? Jibu la ndiyo kwa lolote kati yake linatosha kuendelea na uchunguzi. Kisha kuna jaribio la kuinuka kitini, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kukaa, kwa mwendo wa kawaida. Mzee anayetumia sekunde 12 au zaidi huhesabiwa kuwa yuko hatarini. Chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, kwenye mwongozo wake wa 2018, kilitaka kila mwenye miaka 65 na kuendelea anayepewa tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, achunguzwe mambo kama haya, kuanguka kukiwemo. Kliniki zetu zina foleni ndefu, na si haki kumtarajia muuguzi mmoja ayafanye yote. Ndugu wanaweza kuuliza maswali hayo nyumbani, na wenye mashine ya presha wakampima mzee akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, wakaandika namba zote mbili na kwenda nazo.

Kwenye kuzuia, watu hukimbilia kuondoa mazulia. Mimi ningeanza na mfuko wa dawa. Beba dawa zote kwenda kliniki, za presha, sukari, usingizi na zile za duka la mtaani, umwombe daktari au mfamasia azipitie moja moja. Kipimo kikipunguzwa, au dawa ya kukojoza ikahamishiwa asubuhi ili mzee asiamke usiku, umepata faida ambayo hakuna fimbo inayoweza kuileta. Lakini msiache dawa yoyote kwa uamuzi wenu.

Kinachofuata ni nguvu za miguu. Uchambuzi wa 2019 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za afya, uliokusanya tafiti 108, ulionyesha kuwa mazoezi hupunguza idadi ya kuanguka kwa asilimia 23 kwa wazee wanaoishi majumbani. Yanayofaa zaidi ni ya kusimama wima na kujisawazisha: kuinuka kitini na kukaa, kunyanyua visigino huku umeshika meza nzito, kusimama kwa mguu mmoja na mtu akiwa pembeni. Mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa amuulize kwanza mtaalamu wa fiziotherapia ni mazoezi gani ayaepuke.

Nyumba nayo ina yake. Wagonjwa wengi wa mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wametoka mikoani na wanalala kwa ndugu, pengine wiki tano au zaidi. Mzee anayeijua nyumba yake Singida gizani hajui kizingiti cha nyumba ya mwanawe Mbagala. Siku ya kwanza atembezwe kutoka kitandani mpaka chooni, mchana na kisha usiku. Tochi ikae mahali ambapo mkono wake unaifikia bila kuinuka. Choo kikiwa nje, awe na ndoo au chombo cha haja ndogo chumbani, hata kama mwanzoni atakikataa. Kigae chenye maji ya kuoga au ya udhu kikaushwe kabla hajakanyaga, na kiti cha plastiki kisichoyumba kikae bafuni aoge ameketi. Kandambili zilizolegea zibadilishwe na viatu vyenye mkanda nyuma. Kanga au kikoi kisiburute. Anayepata kizunguzungu akiinuka kwenye sijda anaruhusiwa kuswali ameketi, na wazee wengi hulipokea hilo vizuri likisemwa na imamu kuliko likisemwa na mtoto.

Heshima ndiyo sehemu ngumu. Baba mkwe hatamwita mke wa mwanawe amshike kwenda msalani, atajikongoja peke yake saa tisa usiku. Bora kupanga mapema nani atakuwa karibu, mjukuu wa kiume au mwana mwenyewe, na kumwambia, "Baba, ukiamka niite, nami nakwenda huko huko."

Akianguka, msimnyanyue kwa haraka. Muulizeni maumivu yako wapi, mwangalieni kichwa na miguu. Mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, au asipoweza kuukanyagia, nyonga huenda imevunjika: asisimamishwe, apelekwe hospitali. Aliyegonga kichwa akiwa kwenye tibakemikali au dawa za kuzuia damu kuganda aende hata kama anazungumza vizuri. Miguu inayolegea pamoja na maumivu mapya ya mgongo, au kushindwa kuzuia mkojo, ni dharura ya siku hiyo hiyo, kwa sababu saratani huenda inaubana uti wa mgongo.

Na kama hakuumia, pigeni simu kliniki vilevile. Semeni ilikuwa saa ngapi, alikuwa anatoka wapi kwenda wapi, dripu ya mwisho ilikuwa lini, alimeza dawa gani kabla, na kama alisikia kizunguzungu au miguu tu ndiyo iliyokataa. Kizunguzungu kitamfanya daktari aangalie presha, damu na maji mwilini. Miguu iliyokataa bila kizunguzungu itampeleka kwenye neva, misuli au uti wa mgongo.