Mbao ya makanga na simu ya mama

Juzi asubuhi, kwenye matatu ya kutoka Umoja, makanga alinidai mbao ya ziada, yaani shilingi ishirini. "Siste, bei imepanda." Nikamrushia Sheng kavu, ile lugha ya mitaani ya Nairobi, na mbao sikutoa. Kabla sijatulia simu ikalia: mama, kutoka Machakos. Nikaingia kwenye Kikamba, sauti ikashuka, nikawa binti mtiifu. Makanga alinikodolea macho kama mtu aliyetapeliwa.

Mimi ni mwanaisimujamii, mtu anayechunguza jinsi watu wanavyotumia lugha katika jamii, na swali ninaloulizwa kila mahali, hata kwenye matanga, ni kama mwenye lugha tatu ana hulka tatu.

Wanaosema ndiyo hupenda kumtaja Mmarekani Susan Ervin-Tripp. Katika utafiti aliouchapisha miaka ya 1960, aliwapa wanawake wa Kijapani walioolewa na Wamarekani sentensi za kumalizia. "Matakwa yangu yanapogongana na ya familia yangu..." Kwa Kijapani, mmoja alisema huo ni wakati wa huzuni kubwa. Kwa Kiingereza, mwanamke yuleyule alisema: nafanya ninachotaka. Basi watu husema lugha imemgeuza. Mimi huuliza: Kijapani alikizungumza na nani maishani mwake, na Kiingereza na nani? François Grosjean, aliyechunguza watu wa lugha mbili kwa miongo kadhaa, anashikilia kwamba kinachobadilika ni mazingira na msikilizaji. Lugha inafuata tu.

Hapa Nairobi mwanaisimu Carol Myers-Scotton alisikiliza tunavyochanganya lugha, akaona kwamba kila lugha inabeba haki na wajibu kati ya wanaozungumza. Abiria anayemjibu makanga kwa Kiingereza ameshajiweka juu yake, hata kama anauliza tu kituo. Mimi kwa Sheng nilikuwa namwambia: tuko sawa, bei naijua. Mbao yangu iliokolewa na hilo.

Na kama Kikamba ndicho kinachonifanya mpole, mbona Desemba nikikaa na binamu zangu jikoni tunataniana na kutukanana kwa Kikamba hadi machozi yanatutoka? Hapo mimi ndiye mwenye mdomo mchafu kuliko wote, naungama. Mama akitokea mlangoni, sote tunashusha sauti na kuanza kuulizana habari za mvua. Kwa Kikamba kilekile.