Mwenye karama ndiye mwenye matunda? Dhana potofu kuhusu tunda la Roho

Dhana: Anayetabiri na kuponya ndiye aliyekomaa kiroho.

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na imewaumiza waumini wengi. Tazama kanisa la Korintho, ambalo mtume Paulo aliliandikia barua. Paulo anakiri kwamba kanisa lile halikupungukiwa na karama yoyote, yaani kipawa cha Roho kama unabii au uponyaji (1 Kor. 1:7), lakini kufika sura ya 3 anawaita watoto wachanga katika Kristo kwa sababu ya husuda na fitina. Walinena kwa lugha huku wakishtakiana mbele ya mahakimu wasioamini. Kwenye chakula cha Bwana, huyu ana njaa, yule amelewa. Na Yesu alisema wapo watakaomtajia unabii na pepo waliotolewa kwa jina lake, naye atawaambia hakuwajua kamwe (Mt. 7:22-23).

Karama mtu anaweza kupewa leo, ila tunda la Roho, yaani tabia kama upole na kiasi, huchukua miaka. Kwa hiyo ukitaka kumjua mhubiri, usiishie madhabahuni. Angalia anavyoishi na mkewe, kama anamlipa dada wa kazi kwa wakati, na anavyojibu akikosolewa.

Dhana: Matunda ni siri yangu na Mungu wangu.

Orodha ya tunda la Roho katika Wagalatia 5:22-23 iliandikwa kwa watu waliokuwa hatarini kuangamizana kwa "kuumana na kulana" (5:15). Uvumilivu, fadhili, uaminifu: yote haya yanahitaji mtu wa pili. Uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanzania ulijulikana kwa hilo. Waliookoka waliungama hadharani, wakarudisha walivyoiba, wakapatana na waliowakosea. Jirani alionja mabadiliko kabla hajasikia mahubiri.

Dhana: Kuzaa matunda ni kuleta watu wengi kanisani.

Hapa kuna nusu ya ukweli. Paulo alitamani matunda kati ya Warumi (Rum. 1:13), lakini anazungumzia pia kuzaa matunda kwa kila kazi njema (Kol. 1:10). Umati peke yake hautoshi kuwa ushahidi.

Dhana: Ninapitia magumu, basi sizai.

Ndugu yangu, soma Yohana 15:2 polepole. Tawi la mzabibu linalosafishwa, yaani linalopogolewa, ni lile lizaalo, ili lizidi kuzaa. Na kama kweli bado hujazaa, usikate tamaa. Mtini katika mfano wa Yesu wa Luka 13 ulikaa miaka 3 bila tunda, na mtunzaji akauombea mwaka mwingine, aupalilie na kuutilia samadi. Hakuugombeza mti, aliihudumia mizizi. Kwa mwamini, huduma hiyo ni Neno linalosomwa kila siku, maombi, na ushirika mdogo wa watu wanaokujua vya kutosha kukuambia, "Hapo umekosea, nenda ukaombe radhi."