Maili Moja kwa Kasi Baada ya Miaka Hamsini: Mazoezi, Mapumziko na Tahadhari

Maili moja ni mita 1,609, yaani mizunguko minne ya uwanja wa mita 400 na mita tisa za ziada, ndiyo maana mstari wa kuanzia huwekwa nyuma kidogo ya mstari wa kumalizia. Siku hizi umbali huu haukimbiwi sana katika nchi zetu, kwa kuwa mashindano ya uwanjani hutumia mita 1,500 na mbio za barabarani zinazowavuta watu wazima ni za kilomita 5, 10 na 21. Hata hivyo si umbali mgeni kwetu: Filbert Bayi wa Tanzania aliweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 51.0 mjini Kingston, Jamaika, tarehe 17 Mei 1975, na mwaka 2023 Faith Kipyegon wa Kenya aliweka rekodi ya dunia ya wanawake ya dakika 4 na sekunde 7.64 huko Monaco. Kwa mkimbiaji aliyevuka miaka hamsini, maili ina faida ya pekee. Haimchoshi kwa siku nyingi kama nusu marathoni, na inapima moja kwa moja kile ambacho umri huanza kukichukua mapema, yaani kasi.

Mabadiliko ya mwili kadiri miaka inavyosonga yanafahamika vizuri. Kiwango cha juu kabisa cha mapigo ya moyo hushuka hata kwa mtu aliye imara. Kanuni inayotumika sana, ya kutoa asilimia 70 ya umri kutoka 208, humpa mtu wa miaka 30 mapigo 187 kwa dakika na mtu wa miaka 60 mapigo 166, ingawa watu hutofautiana sana na hesabu hiyo. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi kwa mtu asiyefanya mazoezi, na wanaoendelea na mazoezi mazito hupunguza kasi hiyo ya kushuka kwa karibu nusu. Nyuzi za misuli zinazohusika na nguvu za ghafla ndizo zinazosinyaa zaidi, na kano hupoteza sehemu ya mnyumbuko wake, zikiumia huchukua muda mrefu kupona.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri unaotolewa mara kwa mara kwa maveterani, yaani wakimbiaji wenye umri mkubwa, kwamba umri ukienda mtu aache mbio za kasi na abaki na mwendo wa pole. Wengi tunaowapokea kliniki wamefuata ushauri huo kwa miaka kumi au zaidi. Wanakimbia kilomita nyingi kwa mwendo ule ule kila siku, pumzi yao ni nzuri, lakini wakiambiwa wakimbie mita 100 kwa nguvu miguu haiitikii, kwa sababu nyuzi za kasi hazijaitwa kazini kwa muda mrefu. Sehemu ya upungufu wanaoulaumu umri imeletwa na kuacha kuitumia kasi. Eamonn Coghlan wa Ireland alikuwa na miaka 41 alipokimbia maili kwa dakika 3 na sekunde 58.15 mwaka 1994, akawa mtu wa kwanza aliyevuka arobaini kushuka chini ya dakika nne, na Bernard Lagat, mzaliwa wa Kapsabet aliyeiwakilisha Marekani, alikimbia dakika 3 na sekunde 54.91 ndani ya ukumbi mjini New York mwaka 2015 akiwa na miaka 40. Hao walikuwa mabingwa tangu ujanani na hakuna haja ya mtu wa kawaida kujipima nao, lakini wanaonyesha kwamba kasi haikatiki mara tu mtu anapovuka umri fulani.

Kabla ya kuanza, apimwe. Mwenye miaka hamsini ambaye hajawahi kufanya mazoezi mazito, au mwenye shinikizo la damu, kisukari, historia ya uvutaji sigara au ndugu wa karibu aliyepata ugonjwa wa moyo mapema, anapaswa kumwona daktari, apimwe presha na sukari, na ikibidi apimwe umeme wa moyo. Wanaotumia dawa za presha za kundi la beta-bloka, kama atenololi, wafahamu kwamba dawa hizo huzuia mapigo kupanda, hivyo hesabu ya mapigo haiwafai na ni bora wapime ukali wa zoezi kwa pumzi: katika mwendo wa pole mtu aweze kuzungumza sentensi nzima. Wanaotumia dawa za kuongeza mkojo wawe waangalifu zaidi na jua la mchana, hasa katika joto la pwani. Asiache mtu dawa kwa ajili ya mazoezi. Maumivu au kubanwa kifuani, kizunguzungu, kuzimia, au moyo kwenda mbio bila mpangilio wakati wa kukimbia ni sababu ya kusimama hapo hapo na kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Eneo la kuliangalia kwa makini zaidi ni vigimbi na kano ya kisigino, kwa kuwa huko ndiko maveterani wengi wanakoumia wanaporudia mbio za kasi. Kipimo chake hakihitaji kifaa. Simama kwa mguu mmoja bila viatu, ncha za vidole vya mkono zikigusa ukuta kwa ajili ya mizani tu, kisha nyanyua kisigino hadi juu kabisa huku goti likiwa limenyooka, na ukishushe taratibu. Hesabu hadi kisigino kitakaposhindwa kufika kimo kilichofika mara ya kwanza. Mtu anayemaliza kilomita 21 bila shida mara nyingi hushangaa kuona kisigino kinaanza kutetemeka na kupanda nusu tu kabla hajafika kumi na tano, na mguu mmoja karibu kila mara huwa dhaifu kuliko mwingine. Mimi hupendelea afikishe angalau ishirini kila mguu kabla ya kuruhusiwa mbio za kasi. Anayepungukiwa afanye zoezi hilo hilo mara mbili au tatu kwa wiki, seti tatu, pia akilirudia goti likiwa limekunjwa kidogo, na baada ya wiki kadhaa abebe begi lenye uzito mgongoni. Pamoja na hayo afanye mazoezi ya kuchuchumaa na ya kuimarisha misuli ya nyuma ya paja.

Kasi yenyewe ianzie mlimani. Kwenye mwinuko wa wastani mguu hutua kwa mshindo mdogo na misuli ya nyuma ya paja haivutwi sana, kwa hiyo mtu anaweza kutumia nguvu nyingi kwa hatari ndogo: sekunde nane hadi kumi za kupanda kwa bidii, kushuka kwa kutembea, na kurudia mara nne hadi sita baada ya kupumzika kikamilifu. Baada ya wiki nne hivi ahamie sehemu tambarare, ikiwezekana kwenye nyasi au udongo ulioshindiliwa, akikimbia mita 80 kwa kuongeza mwendo polepole bila kukaza mabega. Ndipo zije mbio za vipande, yaani umbali mfupi unaorudiwa mara kadhaa kwa mapumziko katikati. Tuchukue mtu wa miaka 56 anayekimbia maili kwa dakika 8 na anayelenga dakika 7 na nusu. Mwendo anaoulenga ni takriban sekunde 112 kwa mzunguko, au sekunde 56 kwa kila mita 200. Aanze na vipande vinane vya mita 200 kwa mwendo huo, si zaidi, akipumzika kwa kutembea dakika mbili, na baadaye ahamie vipande vinne hadi sita vya mita 400. Akimaliza kipande cha mwisho akiwa bado na uwezo wa kukimbia kimoja zaidi, zoezi limekwenda sawa.

Mapumziko ndiyo yanayomtofautisha na kijana, kuliko zoezi lenyewe. Kijana anaweza kurudia zoezi zito baada ya saa 48; aliyevuka hamsini huhitaji saa 72, wakati mwingine zaidi. Wiki ya siku saba haitoshi mpangilio huu, ndiyo maana ninashauri ratiba ya siku kumi na nne yenye siku nne nzito tu, na siku zilizobaki ziwe za mwendo wa pole, kutembea au kupumzika. Kupasha mwili joto kuchukue dakika ishirini, hata kama zoezi lenyewe ni fupi. Protini igawanywe katika milo yote, mayai au maziwa asubuhi, maharage au dagaa mchana na jioni, kwa kuwa misuli ya mtu mzima huhitaji kiasi kikubwa zaidi katika kila mlo ili ijijenge.

Siku ya kujipima, hatari iko katika mzunguko wa kwanza. Bayi aliwashangaza wengi Christchurch mwaka 1974 kwa kuongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, lakini alikuwa na miaka ishirini, na mtindo huo si wa kuigwa na mtu mwenye wajukuu. Mzunguko wa kwanza usiwe haraka kuliko mpango kwa zaidi ya sekunde mbili. Muda mwingi hupotea katika mzunguko wa tatu, wakati pumzi imeshakuwa nzito na mwisho bado uko mbali, na kwa hiyo ni katika mzunguko huo anapopaswa kujisukuma, hata kama mwendo utaonekana hauongezeki. Kipimo kirudiwe baada ya wiki sita hadi nane, kwenye uwanja ule ule na saa ile ile, asubuhi kabla jua halijawa kali. Muda usipopungua katika vipimo viwili mfululizo, kitu cha kwanza ni kuondoa siku moja nzito katika kila siku kumi na nne na kuangalia usingizi, kabla ya kufikiria kuongeza zoezi lolote.