Kwa Nini Homer Plessy Aliketi Katika Behewa la Wazungu?

Tarehe 7 Juni 1892, fundi viatu wa New Orleans, Marekani, aitwaye Homer Plessy, aliyehesabiwa Mweusi kisheria, alikata tiketi ya daraja la kwanza ya kwenda Covington, akaketi katika behewa la Wazungu na kukataa kuhama alipoamriwa. Wanafunzi wengi wanaokutana na kisa hiki kwa mara ya kwanza hudhani kwamba Plessy alishikwa na ghadhabu ya ghafla, kama mtu aliyechoshwa na dharau. Ukweli ni kwamba tukio hilo lilipangwa kwa makini, na nia yake inasomeka vizuri zaidi katika mpango huo kuliko katika hisia tunazomkisia nazo.

Mpango ulikuwa wa Comité des Citoyens, kamati ya raia iliyoundwa mwaka 1891 kupinga sheria ya jimbo la Louisiana ya mwaka 1890 iliyotenganisha abiria wa treni kwa rangi. Kamati ilikodi mpelelezi wa kumkamata Plessy, ili ashtakiwe kwa sheria hiyo na si kwa kosa jingine, kama vile kuvuruga amani. Safari nayo ilichaguliwa isivuke mpaka wa jimbo, kwa kuwa kesi ya awali ya Daniel Desdunes, aliyekuwa na tiketi ya kwenda jimbo jingine, ilikwisha bila sheria yenyewe kupimwa ndani ya Louisiana. Kamati, kwa hiyo, ilikuwa inatafuta hukumu, na kiti kilikuwa njia tu ya kuifikia.

Kampuni ya reli ilijua mapema na ikashiriki. Tusiisifu kupita kiasi: mabehewa ya ziada yaliyodaiwa na sheria ile yalikuwa gharama kwake.

Jambo gumu zaidi ni rangi ya Plessy mwenyewe. Sehemu saba kati ya nane za nasaba yake zilikuwa za Kizungu, na kwa kumtazama tu kondakta asingeweza kumtofautisha na Wazungu. Wakili wake, Albion Tourgée, alilitumia hilo kudai kwamba sifa ya kuhesabiwa Mzungu ni mali, na kwamba kondakta hana mamlaka ya kumnyang'anya mtu mali hiyo. Kutokana na hoja hii wapo wanaosema kwamba Wakrioli wa New Orleans, yaani watu wa asili mchanganyiko kama Plessy, ambao baadhi ya familia zao zilikuwa huru kabla utumwa haujakomeshwa, walikuwa wakilinda nafasi yao tu. Shaka hiyo ina msingi, kwani hoja ya mali inakubali kimyakimya kwamba Uzungu una thamani. Hata hivyo, kwa maoni yangu haitoshi kueleza tendo zima. Tourgée huyohuyo alidai pia kwamba sheria ile ilirudisha alama za utumwa, kinyume cha Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyopiga marufuku utumwa, na akaonyesha kwamba iliwaruhusu yaya Weusi kukaa na watoto wa Kizungu waliowalea: mtu Mweusi alivumiliwa akiwa mtumishi, akafukuzwa akiwa abiria. Hoja ya namna hiyo inamtetea hata mtu ambaye hawezi kamwe kudhaniwa Mzungu. Plessy naye, miaka kadhaa kabla ya safari ile, alikuwa kiongozi katika chama kilichopigania shule bora za umma.

Tarehe 18 Mei 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi yake kwa kura 7 kwa 1, uamuzi uliohalalisha utengano hadi ulipokataliwa kwa upande wa shule mwaka 1954. Jaji John Marshall Harlan, aliyepinga peke yake, aliandika kwamba kila mtu alijua lengo la sheria ile lilikuwa kuwazuia Weusi wasiingie katika mabehewa ya Wazungu. Mwezi Januari 1897 Plessy alikiri kosa na kutozwa faini ya dola 25. Kamati ilivunjwa, lakini wajumbe wake walitangaza kwamba, wakiwa watu huru, bado waliamini kwamba walikuwa upande wa haki.