Maua ya Kula: Yapi Yaingie Jikoni, Yapi Yabaki Kikubani

Kwani sisi watu wa Lamu tunakula maua?

Sana, ila hatuyaiti hivyo. Karafuu ya pilau ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua, likaanikwa. Zafarani ni vinyuzi vya ndani ya ua. Maji ya waridi nayo hutiwa kwenye faluda.

Choya, kile kinywaji chekundu cha rozela, inashusha presha kweli?

Inashusha, lakini kidogo. Kinachochemshwa si ua lenyewe, ni yale majani manene mekundu yanayolizunguka tunda ua likishapukutika. Yabandue, tupa kokwa la kijani, chemsha na tangawizi, uchuje. Usiache vidonge vyako kwa ajili ya choya. Na ukiwa unavimeza, mwambie daktari kwamba unakunywa choya, kwani presha inaweza kushuka mno ukashikwa na kizunguzungu. Mjamzito asiifanye kinywaji cha kila siku. Halafu kuna sukari! Choya ni kali, kwa hiyo watu huimimina sukari bila huruma, na mwenye kisukari hapo hajajisaidia kitu.

Bibi huniambia niweke karafuu jino likiuma. Ni sawa?

Bibi yuko sawa. Mafuta yaliyomo, yujenoli, hutia ganzi, na madaktari wa meno huyatumia. Punje moja inatosha. Mafuta ya chupa huunguza fizi, na mtoto akiyanywa yanaweza kumwharibu ini. Jino lililotoboka litaendelea kuoza hata kama haliumi, basi nenda likatazamwe.

Asmini za kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia wanachojipamba nacho wanawake, je, nitie kwenye chai?

Wachina hunukishia majani ya chai asmini ya aina hiyohiyo. Lakini iliyonunuliwa imepita mikono mingi, na huenda ilipigwa dawa ya wadudu. Chuma ya uani kwako. Marashi ya kunyunyiza kwenye Maulidi pia usiyatie chakulani mpaka usome chupa. Mengine ni manukato tu.

Na ua la boga?

Tamu likikaangwa. Chuma dume, lenye kikonyo chembamba kisicho na kiboga chini yake, usije ukajinyima maboga.

Yapi ni sumu?

Olianda, lile ua la rangi ya waridi linalopandwa uani kwa urembo, huvuruga mapigo ya moyo. Waridi la jangwani pia ni hatari. Utomvu wake ulipakwa kwenye mishale. Mtoto akitafuna mojawapo, usimtapishe. Mtoe mabaki kinywani, kata tawi la mti huo, mkimbize hospitalini nalo.