Kupiga dole gumba kwa daftari sio kukubali

Kila tukiongea habari ya miradi inayoletwa kwa Watwa wa Kisoro na Kanungu, watu waliotolewa misitu ya kusini magharibi mwa Uganda, lazima atokee mtu aulize, "si waliitwa mkutano, si walisaini?" Jamani mimi nimekaa kwa mkutano kama huo, mradi siutaji, soda zimegawiwa, daftari ya mahudhurio ikazunguka wazee wakapiga dole gumba wapewe nauli, miezi ikapita hizo kurasa ndo zikaonyeshwa eti jamii imekubali. Juu kuliandikwa Kizungu. Mzee mmoja aliniuliza tumesaini nini, nikabaki namwangalia. Ridhaa inaombwa kabla kazi haijaanza, bila kutishwa, kwa lugha mtu anaelewa, Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 la haki za watu wenyeji liko wazi kwa hilo. Na kama jibu la "hapana" halipokelewi basi mlikuja kututangazia tu.

Dhana ingine, "kwani sisi wote si wenyeji?" Hii inatoka kwa Katiba ya 1995, inayohesabu kama wenyeji makabila yote yaliyokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, Baganda wamo, Watwa wamo. Sawa, lakini hapo ni mambo ya uraia. Azimio linaongelea watu ambao maisha yao yamefungwa na ardhi fulani alafu wakasukumwa pembeni.

Alafu ile ya "hawakuwa na hati, msitu ni wa serikali." Mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga ikafanywa mbuga za taifa, Watwa wakatolewa. Wakulima waliokuwa wamefyeka msitu kuna waliolipwa, maana shamba linaonekana na kupimwa, ila Mtwa aliyeishi humo bila kufyeka, wa kuokota asali na kuchimba viazi pori, huyo akaonekana hana kitu cha kulipwa! Yani aliyeutunza ndo akakosa. Watwa walifungua kesi 2013, na Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ikasema walitendewa vibaya kutolewa bila fidia ya kutosha, ikapeleka swala Mahakama Kuu.

Eti Watwa wakiombwa ridhaa utalii utakufa? Karibu nusu ya sokwe wa milimani (gorila) duniani wako Bwindi, na Watwa waliishi nao humo miaka mingi kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa.

Siku hizi kwetu daftari ikija, kijana mmoja anaandika kwanza juu ya kila ukurasa "mahudhurio tu", ndo wazee wanagusa wino.